Enrico Mattei na Somo la Mafuta kwa Sisi wa Ganze

Jina la marehemu Enrico Mattei limeanza kuzoeleka masikioni mwa wasomaji wa magazeti yetu. Tangu Januari 2024, serikali ya Italia ilipowaalika viongozi wa Afrika jijini Roma na kuwatangazia mpango mpya wa ushirikiano uliopewa jina la mtu huyo, Mpango wa Mattei umekuwa ukitajwa kila panapozungumzwa habari za nishati, kilimo na mikopo baina ya Ulaya na bara letu. Kenya imo katika orodha ya nchi zilizoteuliwa mwanzo kabisa, na fungu lililotengewa nchi yetu ni kilimo cha mbegu za kukamuliwa mafuta ya kuendeshea magari na ndege. Hata hivyo, nilipowauliza walimu kadhaa huku nyumbani Ganze iwapo wanamfahamu Mattei, wengi walidhani kwamba ni waziri fulani wa Kiitaliano aliye hai hadi leo.

Siwalaumu. Vitabu vya historia tulivyosomea, na tunavyoendelea kusomeshea, vinatueleza habari za Bismarck, Garibaldi na Mussolini, lakini havisemi lolote kuhusu watu walioamua bei ya mafuta ya taa yaliyotuwezesha kuvisoma vitabu hivyo usiku. Mimi ni mmoja wa waliosoma kwa mwanga wa koroboi. Mafuta yenyewe yalipimwa dukani kwa chupa, na siku ambayo duka halikuwa nayo, kazi ya mwalimu ililala hadi asubuhi. Sikuwahi kujiuliza yalitoka wapi, nani aliyeyachimba, wala ni nani aliyekula faida baina ya kisima na chupa yangu.

Isitoshe, sisi watu wa pwani hii tuna sababu ya ziada ya kuwafahamu Waitaliano. Tangu miaka ya 1960, wataalamu wao walipoanza kurusha setilaiti kutoka Ngomeni, Malindi imekuwa kama mtaa mmojawapo wa Italia. Wapo vijana wanaouza vinyago ufuoni ambao hawakumaliza shule ya msingi, na ambao huzungumza Kiitaliano kwa ufasaha unaotushangaza sisi wanaisimu. Tunaijua lugha ya mgeni wetu, lakini historia yake hatuijui. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni haki ya mwenyeji kumjua mgeni kabla ya kungojea kuponywa naye.

Mattei alizaliwa tarehe 29 Aprili 1906 katika mji mdogo wa Acqualagna, eneo la Marche, katikati ya Italia. Baba yake alikuwa askari wa cheo cha chini katika kikosi cha Carabinieri, naye alikuwa na watoto watano wa kulisha. Italia ya wakati huo haikuwa hii tunayoiona leo kupitia kwa watalii. Ilikuwa nchi ya wakulima wengi maskini, ambao maelfu kwa maelfu walivuka bahari kila mwaka kwenda kutafuta riziki Marekani na Argentina. Haikuwa na makaa ya mawe ya kutosha, wala haikuwa na mafuta. Kila kiwanda kilichosimama kilitegemea nishati iliyonunuliwa ng'ambo.

Kijana Mattei hakuwa mwanafunzi hodari. Aliacha shule mapema, akaajiriwa kupaka rangi vitanda vya chuma, kisha akawa tarishi katika kiwanda cha ngozi mjini Matelica. Hapo ndipo kipawa chake kilipojitokeza, kwani katika muda wa miaka michache tu tarishi huyo alikuwa amekwisha kuwa msimamizi wa kiwanda kizima. Biashara ya ngozi ilipodorora, alihamia Milano mwaka 1929, akawa mchuuzi wa rangi na kemikali. Mwaka 1934 akafungua kiwanda chake mwenyewe, kidogo, cha kutengeneza mafuta na sabuni za kusindikia ngozi. Kwa hiyo mtu aliyekuja kutikisa ulimwengu wa petroli alianza na mafuta ya kulainishia ngozi.

Hakuwa malaika katika siasa. Aliwahi kuwa mwanachama wa chama cha Mussolini, kama walivyokuwa wafanyabiashara wengi wa zama zile. Lakini mwaka 1943, Mussolini alipopinduliwa na majeshi ya Ujerumani yakaikalia Italia ya kaskazini, Mattei alijiunga na wapiganaji wa msituni. Kazi yake kubwa ilikuwa kupanga, kutafuta fedha na kusambaza mahitaji kwa vikosi vilivyofungamana na chama cha Kikristo cha Kidemokrasia. Alikamatwa mwaka 1944, akatoroka kifungoni kabla ya mwaka kwisha. Vita vilipomalizika, alikuwa miongoni mwa viongozi waliotembea mstari wa mbele katika gwaride la ushindi mjini Milano, mwezi wa Mei 1945.

Katika siku hizo hizo za ushindi alikabidhiwa kazi iliyobadilisha maisha yake. Serikali ya Mussolini ilikuwa imeunda, mwaka 1926, kampuni ya mafuta ya taifa iliyoitwa AGIP. Kwa takriban miaka ishirini kampuni hiyo ilikuwa imetumia fedha nyingi na kupata mafuta machache mno. Waliotwaa madaraka baada ya vita waliona ni mzigo. Mattei aliteuliwa kuwa kamishna wake, na maagizo yalikuwa wazi: aifunge kampuni, auze mali yake, amalize.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie kidogo, maana tumeyaona haya kwetu. Ni mashirika mangapi ya umma yaliyokabidhiwa mtu ayauze, naye akayauza kwa bei ya kutupa kwa rafiki zake? Mattei alifanya kinyume. Aliwaita wahandisi wa kampuni, akawasikiliza. Akaelezwa kwamba mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto, kisima kilichochimbwa Caviaga, katika bonde la mto Po, kilikuwa kimeonyesha dalili za gesi, na kwamba habari hizo zilikuwa hazijatangazwa. Alielewa mara moja kwa nini baadhi ya wanunuzi walikuwa na haraka ya kuzipata mashine na ramani za kampuni iliyodaiwa kuwa haina thamani. Badala ya kuuza, akakopa fedha na kuamuru uchimbaji uendelee.

Gesi ilipatikana kwa wingi. Mwaka 1949, huko Cortemaggiore, gesi ilipatikana pamoja na mafuta kidogo. Mattei aliyafanya mafuta hayo kidogo yaonekane kuwa mengi. Magazeti yalishangilia, na petroli ya AGIP ikapewa jina la mji huo, ingawa sehemu kubwa ya petroli iliyouzwa kwa jina hilo haikutoka katika ardhi ya Italia. Nikiwa mwanaisimu, siwezi kukosa kuliona hilo. Mtu huyu aliifahamu nguvu ya jina. Utajiri wa kweli, hata hivyo, ulikuwa gesi, na viwanda vya kaskazini vilivyokuwa na njaa ya nishati viliipokea kama mvua ya masika.

Ili kuifikisha gesi viwandani, ilibidi mabomba yapitishwe katika mashamba, barabara na miji. Sheria ilidai vibali, na vibali vilichukua miezi. Mattei hakungoja. Mafundi wake walichimba mitaro usiku, wakalaza bomba, wakafukia, na diwani alipoamka asubuhi alikuta kazi imekwisha. Faini zilizotozwa zililipwa baadaye. Wapo waliomsifu kwa ujasiri huo. Mimi nasita, kwa sababu nitakazozieleza punde.

Tarehe 10 Februari 1953, bunge la Italia lilipitisha sheria iliyounda shirika kubwa la taifa la hidrokaboni, ENI, na Mattei akawa rais wake. Ni vyema wanafunzi wafahamu jinsi shirika la namna hiyo linavyofanya kazi. ENI lilikuwa shirika mama, mali ya dola. Chini yake kulikuwa na kampuni tanzu, kila moja na kazi yake: moja ilitafuta na kuchimba, nyingine, SNAM, ilisafirisha gesi kwa mabomba, AGIP iliuza petroli vituoni, na ANIC ilitengeneza kemikali. Mwaka 1954 kiwanda cha mashine cha Pignone, mjini Florence, kilichokuwa kinakufa na kuacha wafanyakazi wake wakirandaranda, kiliingizwa pia, baada ya meya wa mji huo, Giorgio La Pira, kumsihi Mattei sana.

Fedha za kuendesha yote hayo zilitoka wapi? Sheria iliipa ENI peke yake haki ya kutafuta na kuchimba gesi katika bonde la Po. Gharama ya kuitoa gesi hiyo ardhini ilikuwa ndogo, lakini bei yake ilipangwa kwa kulinganishwa na bei ya makaa na mafuta mazito yaliyotoka ng'ambo. Tofauti baina ya gharama na bei ikawa faida kubwa, nayo ilirudishwa katika kuchimba, kujenga na kununua. Wapinzani wake walilalamika kwamba mnunuzi Mwitaliano alikuwa akilipishwa kupita kiasi. Watetezi wake walijibu kwamba kama si ENI, faida hiyo ingalivuka bahari.

Gesi ya Italia haikutosha, na Mattei alihitaji mafuta ya nchi nyingine. Huko alikuta mlango umefungwa. Biashara ya mafuta duniani ilikuwa mikononi mwa kampuni saba kubwa, tano za Kimarekani, moja ya Kiingereza na moja ya Kiingereza na Kiholanzi. Mattei ndiye aliyelieneza jina la Dada Saba walilopewa vigogo hao. Mwaka 1954, baada ya serikali ya Mossadegh kupinduliwa Iran kwa sababu ya kuyataifisha mafuta, vigogo hao pamoja na washirika wao waligawana upya mafuta ya Iran. Mattei aliomba fungu dogo. Alikataliwa.

Inasimuliwa kwamba alipenda kueleza kisa cha paka mdogo aliyekonda, aliyesogelea bakuli la mbwa wakubwa na kuvunjwa mgongo kabla hajaonja kitu. Paka huyo, alidai, ndiye Italia. Mtu mwingine angeufuata ule msemo wa mwenye nguvu mpishe. Mattei aliamua kuzungumza na mwenye bakuli.

Desturi ya wakati huo, iliyoanzia Venezuela na kufika Saudi Arabia mwaka 1950, ilikuwa nusu kwa nusu: nchi yenye mafuta ilipata asilimia 50 ya faida kama kodi, na kampuni ya kigeni ikachukua asilimia 50. Mwaka 1957 Mattei alitia sahihi na Iran mkataba wa aina nyingine. Iliundwa kampuni moja, SIRIP, ambayo nusu ilikuwa ya ENI na nusu ya shirika la mafuta la Iran. Faida ikipatikana, kwanza dola la Iran lilichukua asilimia 50 kama kodi. Asilimia 50 iliyobaki iligawanywa sawasawa baina ya washirika wawili, kila mmoja asilimia 25. Kwa jumla, basi, Iran ilipata 75 na Italia 25. Fauka ya hayo, gharama ya kutafuta mafuta ilibebwa na ENI, na kama yasingepatikana, hasara ilikuwa yake.

Mwalimu wa hesabu anaweza kuuchora mgawanyo huo ubaoni kwa dakika tano. Lakini uzito wake haumo katika tarakimu peke yake. Kwa mara ya kwanza, shirika la nchi yenye mafuta liliketi katika meza ya wakurugenzi, likaona vitabu vya hesabu, likajua gharama ya bomba na mshahara wa mhandisi. Anayepokea kodi hupokea anachoambiwa kuwa ni haki yake. Mshirika huuliza. SIRIP yenyewe haikuvumbua mafuta mengi sana, lakini desturi ya nusu kwa nusu ilikuwa imetobolewa, na haikuzibika tena.

Mattei alifuata njia hiyo hiyo Afrika. Alikuwa Misri tangu 1955, Morocco mwaka 1958, na nchini Ghana kampuni ya Kighana na Kiitaliano iliundwa mwaka 1960 ili kujenga kiwanda cha kusafishia mafuta Tema. Aliunga mkono uhuru wa Algeria waziwazi wakati ambapo Ufaransa ilikuwa ingali vitani huko, na kwa hilo alipokea vitisho vya kuuawa. Mwaka 1960 alinunua mafuta ya Urusi kwa bei nafuu, akilipa kwa mabomba na mpira wa viwandani, jambo lililowakasirisha Wamarekani katika siku hizo za vita baridi.

Miongoni mwa yote aliyofanya, moja linatuhusu zaidi sisi walimu. Mwaka 1957 alianzisha chuo cha masomo ya juu ya hidrokaboni karibu na Milano, katika mji uliojengwa na ENI na kuitwa Metanopoli, yaani mji wa methani. Vijana kutoka Afrika na Asia walialikwa kusoma huko pamoja na Waitaliano, wakafundishwa jiolojia, uchimbaji na uchumi wa mafuta, ili wakirudi kwao waweze kuketi upande wa pili wa meza na kujadiliana. Kumbuka kwamba huyu ni mtu aliyeacha shule akiwa mdogo.

Jioni ya tarehe 27 Oktoba 1962, ndege ndogo iliyombeba Mattei kutoka Catania, Sicily, kwenda Milano ilianguka katika mashamba ya Bascapè, dakika chache kabla ya kutua. Alikufa pamoja na rubani wake, Irnerio Bertuzzi, na mwandishi wa habari wa Kimarekani, William McHale. Alikuwa na umri wa miaka 56, na hakuacha mtoto. Uchunguzi wa kwanza ulisema ni ajali. Katika miaka ya 1990 mwendesha mashtaka wa Pavia, Vincenzo Calia, aliifufua kesi, na baada ya miaka kadhaa ya kuchunguza masalia akafikia uamuzi kwamba ndege iliharibiwa kwa kilipuzi. Aliyekitega hakujulikana, wala aliyemtuma.

Mimi sikumfahamu Mattei kupitia kwa mafuta. Nilimfahamu kupitia kwa isimu. Wanaosoma taaluma hii hukutana na jina la Tullio De Mauro, profesa wa Roma aliyehariri kazi ya Saussure kwa Kiitaliano na ambaye mwaka 1963 alichapisha historia ya lugha katika Italia iliyoungana. Ni yeye aliyekadiria kwamba Italia ilipoungana mwaka 1861, wananchi waliokizungumza Kiitaliano walikuwa takriban asilimia 2.5 tu. Wengine wote walikuwa na lugha zao za nyumbani, na sheria za nchi yao ziliandikwa katika lugha wasiyoielewa. Maisha yake yote, hadi alipofariki mwaka 2017, De Mauro alidai kwamba shule na hati za serikali zitumie lugha ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuifuata. Mnamo 2000 na 2001 aliwahi kuwa waziri wa elimu.

De Mauro alikuwa na kaka aliyeitwa Mauro, mwandishi wa habari mjini Palermo. Mwaka 1970 mtengenezaji filamu Francesco Rosi alimwomba Mauro amchunguzie siku za mwisho za Mattei huko Sicily. Tarehe 16 Septemba mwaka huo, Mauro De Mauro alitekwa nje ya nyumba yake, na hadi leo mwili wake haujapatikana. Wapo wanaoamini aligundua jambo kuhusu ile ndege, na wapo wanaosema kwamba alinyamazishwa kwa sababu nyingine. Filamu ya Rosi ilitoka mwaka 1972. Ndugu wawili, basi: mmoja alipotea akiitafuta habari iliyofichwa, na mwingine alitumia uhai wake kuhakikisha kwamba habari isiyofichwa inasomeka. Nimekuwa nikiwafikiria wote wawili kila nirudipo Ganze.

Nilisema nasita kumsifu Mattei bila kipimo. Alivifadhili vyama vya siasa, na inasemekana alivitumia kama mtu anavyotumia teksi, akilipa nauli na kushuka afikapo aendako. Mwaka 1956 ENI iligharimia gazeti la kila siku lililomtetea. Aliyapuuza maagizo ya wakubwa na vibali vya madiwani, na kwa kuwa alifanikiwa, warithi wake walijifunza kwamba sheria ni kwa ajili ya wengine. Mwaka 1993 Italia nzima ilitikiswa na kesi za rushwa, ENI ikiwemo, na rais wake wa wakati huo alijiua gerezani. Desturi ya mtu mmoja mwema kukiuka sheria kwa faida ya umma humwandalia njia mtu wa pili atakayeikiuka kwa faida yake. ENI yenyewe ilianza kuuzwa kwa hisa mwaka 1995, na dola la Italia sasa linamiliki takriban thuluthi moja tu.

Afrika Mashariki ilimjua mrithi, haikumjua mwanzilishi. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1966, nusu kikiwa cha serikali ya Tanzania na nusu cha Waitaliano. Mwaka 1969 Tanzania iliunda shirika lake la mafuta, TPDC, na AGIP ndiyo iliyoanza kutafuta. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikaonekana haina faida ya haraka, na haikufika Dar es Salaam hadi 2004. Miaka thelathini gesi ilikaa ardhini, na mama wa Temeke akaendelea kununua mkaa.

Kwetu Kenya, kiwanda cha Changamwe kilianza kusafisha mafuta mwaka 1963 na kikaacha mwaka 2013. Shirika letu la taifa la mafuta liliundwa mwaka 1981. Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa Turkana, na mwaka huo huo Eni ikapewa maeneo ya kutafuta mafuta katika bahari kuu ya pwani yetu. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inagawa fungu la serikali katika sehemu tatu: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali mafuta yatokapo. Msomaji asichanganye 75 hiyo na ile ya Mattei. Ile iligawa baina ya mwenye ardhi na mgeni. Hii yagawa baina yetu sisi kwa sisi, baada ya mgeni kuchukua chake. Ni wanafunzi wangapi wa kidato cha nne wanaoweza kuieleza tofauti hiyo?

Nayauliza haya kwa sababu wageni wamekwisha kubisha hodi. Kuanzia mwaka 2009, kampuni moja ya Kiitaliano ilitaka maelfu ya hekta katika misitu ya Dakatcha, jirani zetu wa Magarini, ipande mbono kaburi kwa ajili ya mafuta. Wenyeji waligawanyika, kesi na malalamiko yakafuata, na mpango ukakwama. Mwaka 2014 kampuni nyingine ya kigeni ilitaka kutafuta mafuta hadi ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na wenyeji wakapinga. Mwaka 2022 Eni ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni, na mbarika, mmea uliokuwa ukijiotea nyuma ya nyumba zetu na kuwapa mama zetu mafuta ya kujipaka, umegeuka kuwa bidhaa ya Ulaya. Mwaka 2024 wanaharakati wa mazingira wa huko huko Ulaya walichapisha ripoti wakidai kwamba mavuno ya wakulima wa Kenya yamekuwa haba kuliko walivyoahidiwa. Kampuni nayo imeendelea kuutetea mradi wake.

Sisemi kwamba wageni wafukuzwe. Ganze imetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa majimbo maskini zaidi nchini, na mtu mwenye njaa hafundishwi kukataa mgeni. Ninalosema ni kwamba tumeshapata wageni wengi, na wenyeji hawajapona. Sababu moja naijua kwa taaluma yangu. Neno mkataba lina mzizi mmoja na kitabu, katibu na katiba, mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Mkataba ni jambo lililoandikwa. Basi asiyeweza kulisoma hana mkataba, hata kama kidole chake cha gumba kimepakwa wino. Mzee wa Bamba au Vitengeni anayewekewa mbele kurasa thelathini za Kiingereza cha mawakili hajatia sahihi makubaliano. Ametia sahihi karatasi.

Katiba yetu ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ninapendekeza, bila kumung'unya maneno, kwamba mkataba wowote unaohusu ardhi, mbegu au mafuta katika kaunti yetu uandikwe kwa Kiswahili pia, usomwe barazani kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, na asiwepo wa kutia sahihi kabla wiki kadhaa hazijapita baada ya kusomwa. Ikiwa maneno ya kitaalamu hayapo, sisi wa vyuo vikuu ndio tuliosomeshwa kwa kodi za wazee hao ili tuyaunde. Tumetumia miaka mingi kubishana iwapo tuseme ngeli au kundi. Tukae sasa na wakulima tubishane namna ya kuiita hisa, dhamana na fidia, hadi kila mmoja aelewe.

Kwa walimu wenzangu, ombi langu ni dogo. Mpango unaokuja mlangoni petu una jina la mtu aliyetaka mwenye mafuta apate 75 na aketi mezani. Siku wageni watakapofika na mpango huo, mwanafunzi wa Ganze awe na uwezo wa kuwauliza swali moja tu la adabu: katika mkataba huu, sisi tuna ngapi, na kiti chetu kiko wapi? Wakijibu vyema, tuwakaribishe kwa maji na madafu. Wakianza kukohoa, tutajua kwamba wamekuja na jina la Mattei na kuiacha hesabu yake nyumbani.